Mawe ya Mlimani Upenuni kwa Shangazi

Nilipompigia simu Aikande kumwambia kuwa shangazi amefariki, hakulia. Nilisikia nyuma yake kelele za wanafunzi, kisha akauliza, "Yale mawe bado yapo?" Wallahi nilikasirika. Mtu amekufa, mtu aliyekupikia na kukulaza mwaka mzima, na la kwanza kuuliza ni mawe! Nilitaka kukata simu. Lakini nilikuwa nimesimama upenuni kwa shangazi, nyuma ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa msiba, na mawe yenyewe yalikuwa hapo mbele yangu juu ya kichanja chao cha fito za mikoko, matatu, meusi, kila moja kama ngumi ya mtu mzima, na kata ya shangazi ya kuchotea maji imening'inizwa kando yake. Asubuhi hiyo, kabla jeneza halijainuliwa, mwenye kusimamia mazishi alikuwa amewaomba watu wamsamehe marehemu, na mzee mmoja akajibu kwa sauti, "Tumemsamehe, hata yale maji yake." Watu wakaguna, wengine wakacheka kwa chini, na mimi niliyekuwa ndani na wanawake nikaona haya hadi masikio yakapata moto. Basi hasira yangu kwa Aikande haikupata pa kukaa. Nikamwambia, "Yapo." Akasema, "Nakuja," na kweli akaja, siku ya hitima, kutoka huko kwao baridini hadi kwetu kwenye matope.

Nilimpokea stendi ya Kibiti. Tulikuwa hatujaonana tangu usichana, tuliishia kutumiana salamu za Idi na za Krismasi, na nilimpita pale stendi nisimtambue. Macho yangu yalikuwa yanatafuta msichana mrefu mwenye suruali ya jinzi na nywele fupi. Aliyenishika bega alikuwa mama mnene mwenye mvi na miwani, kajifunga kitenge, kavaa viatu vya kamba kama anayekwenda kulima. "Zuhura, umezeeka!" alisema. "Na wewe ndiye bibi harusi?" nikamjibu. Tukacheka, kisha tukakumbuka tunakokwenda. Njia yote hadi Nyamisati aliongea habari za barabara. Ndani ya boti akawa anatazama mikoko tu, na tulipokikaribia kisiwa akaniuliza mbona gati limesogea. Nikamwambia gati halijasogea, kisiwa ndicho kilicholiwa. Ule msikiti wa zamani tuliokuwa tukianika kamba mbele yake, maji yakijaa sasa yanaingia mpaka kibla. Akaitikia kwa kichwa tu. Nilidhani watu wa sayansi hawashangai mambo, lakini nilipomwangalia vizuri niliona kuwa amechoka, na uchovu wenyewe si wa safari.

Mwaka ule aliokuja kukaa kwetu, daraja la mto lilikuwa bado. Watu wa Nyamwage na kusini yote walikuwa wakilala Ndundu wakisubiri kivuko, na sisi wa visiwani tulikuwa mbali na dunia kuliko hata wao. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Utete, matokeo yakatoka, na jinsi yalivyotoka ni afadhali niyaache hukohuko. Wazazi wangu nao niwaache, hapa hawahusiki. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Mwanahawa, mjane mwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili na banda la jiko kwa nyuma, na kazi yangu ilikuwa kumenya kamba, kuanika samaki na kusikiliza watu wazima wakinipangia mume. Ndipo akaletwa Aikande. Mwenyekiti wa kijiji alikuja naye, akasema huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Mchaga, anafanya utafiti, anahitaji nyumba yenye upenu mpana usiovuja, na upenu huo hauko kwingine ila kwa Bi Mwanahawa. Utafiti wa nini, shangazi akauliza. Mwenyekiti akajikuna kichwa. "Mambo ya ukoga," akasema, akaondoka haraka kabla hajaulizwa la pili.

Niseme jinsi alivyopokewa, maana habari yote imo humo. Visima vya kisiwani kwetu vina chumvi. Maji ya kunywa tunayafuata kwa mtumbwi, kulekule juu ambako mto bado unaishinda bahari, na kiangazi kikikaza safari hiyo inakula kutwa nzima. Ndiyo maana mgeni akishuka kwetu hatumwanzi kwa salamu ndefu, tunampa maji. Na hatumuulizi kama anayataka. Kumwambia mgeni "Nikupe maji?" ni sawa na kumwambia "Tafadhali kataa." Shangazi aliingiza kata mtungini, akampa Aikande, Aikande akanywa, akaongezwa, akanywa tena, na hapo ndipo shangazi alipokaa mkekani akasema, "Karibu mwanangu. Za utokako?" Aikande tumbo limemjaa hata kujibu hawezi vizuri. Alipopata pumzi akafungua sanduku lake, akatoa sweta zito la sufu, na ndani ya sweta yakatoka yale mawe matatu. "Na hawa ni wageni wenzangu, shangazi," akasema. Alikuwa anatania tu. Nadhani kama angepewa nafasi ya kurudisha neno moja maishani mwake, angelirudisha hilo.

Mawe yenyewe yalikuwa na mabaka. Mengine ya kijivu, mengine ya njano iliyopauka, mengine meusi yaliyojikunja pembeni kama ngozi ya samaki aliyekauka. Mimi nilidhani ni uchafu. Mchana ule tulikula wali wa nazi na kamba, sinia moja, na Aikande akatueleza kwamba kile kinaitwa kuvumwani, wala si kiumbe kimoja, ni kuvu na mwani wameoana. Kuvu anajenga nyumba, mwani anapika kwa jua. "Na anayefua nani?" shangazi akauliza, tukacheka mpaka wali ukanipalia. Lakini Aikande alikuwa na jambo. Akachukua punje za wali akazipanga ukingoni mwa sinia, upande wa juu, akasema huku ndiko kaskazini, kwenye barafu isiyokwisha, na kuvumwani hii imejaa ardhini tele. Akapanga nyingine ukingo wa chini, akasema huku ni kusini, barafu nyingine, nako ipo, hiihii. Katikati yote akaacha tupu. Halafu akaweka punje moja hapo kati. "Huu ni mlima wetu," akasema. "Ukienda juu kabisa, ambako hata nyasi zimekata tamaa, unaikuta. Kati ya hapa na kule hakuna, ni joto tupu. Sasa niambieni, ilipitaje?"

Shangazi akaitazama ile punje kwa muda. "Waliachana safarini," akasema. Aikande akafurahi, akasema wapo wasomi wanaosema hivyohivyo, kwamba dunia ilikuwa baridi zaidi, kuvumwani ikaenea sana, kisha joto likarudi likaiua katikati, ikabaki pembeni na vileleni. Wengine wanasema hapana, asili yake ni kaskazini, ikashuka kusini kwa kurukaruka, kilele hadi kilele, upepo na ndege wakiibeba. Na wapo wa kinyume, wanaosema barafu yenyewe imekuja juzijuzi kwa hesabu za dunia, kwa hiyo mababu wa hii kitu walikuwa watu wa joto kama sisi, wakapanda milima kidogo kidogo, wakazoea baridi, ndipo wakatawanyika hadi mwisho wa dunia. "Na wewe unasemaje?" nikamuuliza. Alinyoosha mkono nje, kwenye matope ambako maji yalikuwa yamekupwa na ndege, sululu na vitwitwi, wanadonoa. "Mimi nasema inapita hapa. Ndege hawa wanataga kule kaskazini, ardhini, juu ya kuvumwani yenyewe. Kisha wanakuja kwenu kila mwaka. Kipande kama punje ya uwele kikinasa kwenye unyoya, kikadondoka hapa, kikasubiri mpaka kipate wa kukipeleka mbele, basi." Shangazi akajipepea na upindo wa kanga. "Kisubiri hapa? Na joto hili? Hata sisi wenyewe hatuliwezi." Aikande akasema, "Ndiyo swali lenyewe, shangazi."

Siku zilizofuata nilikuja kujua swali lile lilikuwa na uzito gani. Tulikuwa tukikaa naye banda la jiko, mimi nakuna nazi, yeye anachambua mchele vibaya kama wasichana wote waliolelewa kwa ndizi, na akaniambia. Mawe yatakaa kwenye kichanja upenuni mwaka mzima, yapate upepo na joto la delta lakini mvua isiyafikie. Mwaka ukiisha yakiwa hai, profesa wake atamkubalia, na hilo ndilo litakalokuwa shahada yake na kazi yake ya maisha. Yakifa, hana kitu, na profesa ameshamwambia kuwa chuo hakina mwaka mwingine wa kumpa. Wala mawe mengine hayapatikani. Aliyeyashusha ni baba yake, mpagazi wa mlimani, na ile ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. "Magoti ya baba yamekwisha, Zuhura. Aliyashusha kwenye sweta lake, yeye akashuka anatetemeka." Kisha akanieleza siri ya kuvumwani: ikikauka inalala, na ikilala hata jua liwake vipi haliifanyi kitu. Hatari yake ni kuloa wakati wa joto kali, maana maji huiamsha, ikiamka inahema, na ikihema kwenye joto lile inajimaliza. Mimi aliniambia hayo kwa sababu nilikuwa nauliza kila kitu. Kwa shangazi alisema neno moja tu, kwa heshima, kama anavyoambiwa mtu mzima: "Shangazi, naomba mtu asiyaguse." Na shangazi akamjibu, "Hayaguswi," na ikawa hivyo. Kuku, mbuzi, wajukuu wa jirani yetu Bi Tatu, wote walifukuzwa kwenye upenu ule.

Sijui nieleze vipi furaha ya miezi ile kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa kisiwani na matokeo mabaya ya mtihani. Alinifundisha kutazama. Nilikuwa nimezaliwa katikati ya mikoko, sikuwahi kujua kuwa magome yake yana mabaka ya rangi zaidi ya kanga za dukani, na kila baka ni ndoa ya kuvu na mwani. Nilianza kuwaza kwamba mimi nami nitarudia mtihani, nitakwenda chuo, nitarudi na sanduku langu. Aikande alisema mawe yakifaulu atapewa kazi kubwa zaidi, atarudi delta, na hatakuja bila mimi. Nikaiamini ahadi ile mpaka nikaacha kusikiliza habari za mume. Shangazi alituona. Alikuwa akitupitishia vitumbua pale tulipoinamia magome, anatuangalia, anasema, "Haya, ukoga umepata watoto."

Kaskazi ilipoanza kuleta joto, Aikande alitaka kupeleka vipande vichache chuoni Dar es Salaam avipime kwa mashine, akaomba nifuatane naye nikaone. Asubuhi ya kuondoka alichukua kibanzi kidogo kutoka jiwe moja, akakiweka kiganjani, akakidondoshea tone la maji. Tuliinama wote watatu. Kibanzi kilikuwa cha rangi ya jivu, mara kikaanza kulegea, kikanyooka, na kijani kikapanda kutoka ndani taratibu, kijani kibichi kabisa. "Iko hai!" Aikande akapiga kelele. Shangazi akashika mdomo. "Maskini," akasema. "Kumbe ilikuwa na kiu." Nilimsikia, Aikande naye alimsikia, na hakuna aliyelitilia maanani neno hilo, tulikuwa na furaha na nahodha anatuita. Tuliondoka.

Tulikaa Dar kipindi chote cha joto. Nilipakata chumba kile cha darubini moyoni mwangu miaka na miaka: meza ndefu, feni inayolia, chai ya maziwa kwenye chupa, na Aikande akiniita, "Njoo uone." Niliona nyuzi za kuvu zimewakumbatia mwani kama mama aliyefunga watoto mgongoni. Mashine ikasema vibanzi viko hai. Profesa mwenyewe, mzee mkali asiyecheka, alipita akasema, "Inawezekana. Inawezekana kabisa." Nilimwona Aikande usoni siku ile, na nikawa na hakika kwamba mambo yetu yamenyooka.

Tuliporudi, shangazi alikuwa gatini, kavaa kanga mpya. Alituvuta mikono. "Wageni wenu hawajambo kabisa," akasema kabla hata hajatupa maji. "Kila asubuhi nimewapa maji yao. Jua likizidi adhuhuri nawaongeza. Nimeona wakichangamka, wakawa kijani, wallahi nikafurahi. Sikutaka mkute nimewalaza na kiu nyumbani kwangu." Bi Tatu alikuwa nyuma yake anacheka, akasema wenzenu tumefuata maji karibu kila siku kwa ajili ya mawe haya, mabega yametutoka. Aikande alisimama pale gatini. Kisha akauliza, polepole sana, "Uliyagusa, shangazi?" "Aa! Si ulisema yasiguswe? Sijayagusa hata kwa kidole. Nimewamwagia tu." Tukaenda upenuni. Mabaka yalikuwa yamepauka, mengine yamekuwa ya kahawia yamelainika. Aikande akakwangua kibanzi, akakiweka kiganjani, akakidondoshea tone. Tukangoja. Kikabaki jivu. Akafanya jiwe la pili, akafanya la tatu. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu, kata mkononi, anangoja kusifiwa. Aikande akageuka, akatabasamu, sijui tabasamu lile alilitoa wapi, akasema, "Hawajambo, shangazi. Wamelala tu. Ahsante sana."

Kisha tukaingia banda la jiko, akajifunika uso kwa upindo wa kanga yangu, akalia. Alilia bila sauti, mabega tu yanaruka. Mimi nilikuwa na hasira ya ujana, nikasema, "Amekumaliza! Kila kitu chako amekimaliza! Naenda kumwambia." Akanishika mkono kwa nguvu. "Hutakwenda. Yule mama amepiga kasia kwenye jua kuyapa mawe yangu maji ya kunywa. Unataka akae na jambo hilo mpaka afe? Niapie, Zuhura." "Na baba yako utamwambia nini?" "Nitamwambia joto." Nikaapa, na siku zilizobakia tukamdanganya shangazi pamoja, tukasifu mawe, tukala. Alipoondoka Aikande aliyaacha mawe kichanjani, akamwambia shangazi anamwachia ayatunze. Profesa hakumpa mwaka mwingine. Akaenda kufundisha sekondari huko kwao, na huko ndiko alikozeekea. Mimi nikaolewa Bungu, na sasa nauza vitambaa Kibiti. Sikurudia mtihani wowote.

Miaka yote iliyofuata, kila nilipokwenda kumtazama shangazi, nilimkuta na kata. Nikishuka gatini tu namwona kwa mbali, amesimama upenuni, anayamwagia mawe maji kidogo kidogo, kwa adabu. Roho iliniuma. Mwanamke mzee, magoti mabovu, maji ya kufuatwa na mtumbwi, nayo anawapa mawe yaliyokufa tangu sina hata mtoto mmoja! Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie, nikakumbuka kiapo, nikaufunga. Na wakati huohuo watu walianza kumsema kwa jambo jingine. Wakasema Mwanahawa amekuwa bahili. Mgeni akifika kwake, badala ya kumpa maji, humuuliza, "Nikupe maji?" Na mgeni mwenye adabu afanye nini zaidi ya kusema hapana? Wakashuka watu kwake na kiu, wakaondoka na kiu. Jina likamganda. Hata mimi nilifikiri ni uzee, nikamnunulia pipa la kuvunia maji ya mvua, akanishukuru, na bado akawa anauliza watu.

Basi siku ya hitima, wanaume ndani wanasoma, sisi tumekaa upenuni, Aikande akatoa kioo chake cha kukuza, kilekile alichokuwa akitazamia magome zamani, akayainamia mawe. Yalikuwa yameota mabaka mapya. Kwa tumaini la kijinga nikamuuliza, "Yamefufuka?" Akageuza jiwe moja. "Hii ni ya hapahapa," akasema. "Ile ya kwenye mikoko yenu. Ya mlimani haijabaki hata chembe." Nikamuuliza kama watu walikuja kujua mwishowe ilitoka wapi, ilipita wapi. Akasema hajui, watu wenye vyombo wanaendelea nayo, yeye aliacha kusoma habari zake. "Nilikuja kuhakikisha tu," akasema. "Na kumshukuru. Angalau huyu mama hakujua."

Bi Tatu alikuwa amekaa nasi, kizee sasa, hana jino la mbele. Nikamwambia, "Na aliyatunza mpaka mwisho, bibi. Kila siku anayamwagia." Bi Tatu akanigeukia. "Nani anayamwagia kila siku?" "Shangazi." "Ebo! Maji haya ya kupigia kasia, kila siku amwagie mawe? Kwani Mwanahawa alikuwa mwehu? Alikuwa akisikia boti yako wewe, ndipo anashika kata. Ukiondoka anaitundika." Nikamkodolea macho. Akaendelea, bila haraka, kama anayesimulia bei ya dagaa. "Alijua yamekufa. Siku ileile alijua. Alikuwa nyuma ya banda anaanua samaki, na nyie mnasemezana ndani, ukuta wenyewe matundu. Alinijia nyumbani, akanieleza yote. Nikamwambia nenda ukawaombe radhi. Akasema, watoto wameapiana wasinivunje moyo, nikiwaambia nimesikia si nitakuwa nimewavunja wao?"

Aikande alikuwa amekishika kioo chake kwa mikono miwili. Bi Tatu akajifuta macho kwa kiganja. "Na ndipo alipoanza ile tabia ya kuuliza watu. Mimi nilimgombeza, nikamwambia Mwanahawa unajiharibia jina. Akaniambia, 'Tatu, mimi sijui tena nani maji yanamfaa na nani yanamuua. Bora niulize.' Wakamwita bahili, akanyamaza, mpaka jeneza likiwa mlangoni wanamsema." Nikasimama. Nilitaka kuingia mle ndani kwa wanaume, hitima au si hitima, niwaambie wote. Bi Tatu akanivuta kanga. "Ukawaambie nini? Kwamba aliogopa kuua mtu kwa kata ya maji? Watasema alikuwa na wazimu. Kaa chini, mwanangu. Bahili ni afadhali." Nikakaa. Alisema kweli, na shangazi hayupo wa kuulizwa lipi kati ya majina mawili angelipenda. Tulitaka asijue ili asiumie, akajua, akaumia peke yake umri wake wote uliobaki ili sisi tusijue kuwa anajua. Hapo ndipo Aikande alipolia, na safari hii kwa sauti, wanawake wakadhani ni msiba tu wakamwacha alie.

Maji yalikuwa yanakupwa, nahodha anaita. Mjukuu wa Bi Tatu akatoka ndani na jagi na kikombe, akazunguka kwa wageni, akafika kwa Aikande, na kama ilivyo desturi yetu hakumuuliza, akamimina. Aikande alikuwa na chupa yake mkobani, imejaa, niliiona. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa maji yote, akaongezwa, akanywa tena.